Saa 30 nilizozitia sahihi kwa dakika 40

Jumanne iliyopita binti mmoja mgeni kazini, ninayemfundisha, alifungua faili lake la mafunzo juu ya meza ya jikoni, akashika kalamu, akaniuliza, "Dada, nitie sahihi wapi?" Ametoka Uvira, akapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na hapa Minnesota ana miezi saba tu. Nikaitoa kalamu mkononi mwake polepole, nikaiweka upande wangu wa meza. Alishtuka, akadhani amekosa adabu. Nikamwambia hajakosa lolote, ila kalamu tutaihitaji baadaye.

Habari hii nimeahidi kuiandika siku nyingi. Naiandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu tuliojaa katika kazi hii ya kuwahudumia watu wenye ulemavu, hapa Brooklyn Park na vitongoji vyote vya Minneapolis na St. Paul, na kwa ajili ya walioko Mombasa, Kisii au Bukavu ambao kuna jamaa anawapigia simu kuwaambia, "Njoo, kazi ya kutunza watu ipo tele." Ipo, tena ni kazi ya heshima. Lakini mwanzo wake una mtego, na mimi nilinaswa nao.

Kwa asiyezijua nyumba zetu: ni nyumba za kawaida, ziko katikati ya mtaa, zina gereji na miti ya mbele kama za majirani. Ndani wanaishi watu watatu au wanne wenye ulemavu. Mmoja ana usonji, mwingine aliumia ubongo katika ajali, mwingine alizaliwa na akili zinazokwenda taratibu kuliko zetu. Wahudumu tunapokezana zamu, usiku na mchana, mwaka mzima. Nyumba hizo zina leseni ya jimbo, inayotolewa na idara ya jimbo ya huduma za jamii, ambayo wote hapa twaiita DHS, na sheria inayozitawala ni Sura ya 245D ya sheria za Minnesota, iliyoanza kufanya kazi Januari 2014. Ukisikia wahudumu wanazungumza habari ya "mbili-arobaini-na-tano-D" katika foleni ya benki, ndiyo hiyo.

Mimi nilianza Februari 2016. Nilikuwa nimetoka Kisauni miezi michache nyuma, na theluji bado ilikuwa inanitisha. Msimamizi wa nyumba alinikaribisha vizuri, akanikalisha ofisini, akaniletea faili nene kama Biblia mbili na karatasi yenye mistari. Kila mstari ulikuwa na somo: haki za wanaohudumiwa, faragha ya taarifa zao, kuripoti unyanyasaji, huduma ya kwanza, mpango wa kila mkazi. Mbele ya kila somo palikuwa na nafasi ya saa, tarehe na sahihi. Akasema, "Faili utalisoma ukipata nafasi. Wewe weka sahihi kila mstari, maana wakaguzi wa leseni wakija wanataka kuona sahihi." Jumla ya saa zilizokwisha andikwa pale ilikuwa 30. Niliziwekea sahihi zote kwa dakika 40, nikainuka kwenda kuonyeshwa mahali pa kufulia nguo.

Sikuhisi kwamba nimefanya jambo baya. Nyumbani nimeweka sahihi karatasi ngapi za shule, za hospitali, za kanisa la jirani nilipokwenda kukodi viti! Mtu akikuonyesha mstari, unaandika jina lako.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya tatu. Nilikuja na chapati kwenye hotpoti, sita, nilizopika mchana. Katika wakazi wetu kulikuwa na bwana mmoja mtu mzima. Jina lake sitalitaja. Sheria ya faragha hainiruhusu, na hata kama ingeniruhusu nisingelitaja. Hakuwa msemaji, alikuwa akionyesha kwa kidole. Nilipofunua hotpoti, ile harufu ya samli ilimfikia, akageuka, akainyooshea kidole, kisha akajinyooshea mwenyewe kifuani. Nami ni mtu wa Pwani. Mtu akiomba chakula humwambii ngoja nikaangalie karatasi. Nilikata nusu ya chapati nikampa, nikageuka kumwagia chai.

Nilipomgeukia tena alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka, mikono imeishika shingo. Hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na sauti yoyote. Mimi nilikuwa nikisema, "Kunywa maji, kunywa maji," nami nimemshikia kikombe mdomoni, jambo ambalo halifai kabisa kufanywa. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi.

Mwenzangu wa zamu, mama mmoja Mliberia aliyekuwa na miaka mingi katika kazi hii, alikuwa chini akikunja nguo. Alinisikia nikipiga kelele. Alipanda ngazi mbili mbili, akanisukuma pembeni, akasimama nyuma ya yule bwana, akamzungushia mikono, ngumi juu kidogo ya kitovu, akavuta ndani na juu. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Kipande kikatoka, kikubwa kama kidole gumba, kikaanguka kwenye sakafu. Halafu ikaja ile pumzi ya kwanza, yenye mkwaruzo. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile tangu mwanangu alipozaliwa. Gari la wagonjwa likaja, akalala hospitali usiku mmoja, akarudi nyumbani salama. Alhamdulillahi.

Usiku ule ule nililifungua faili. Ukurasa wa tisa wa mpango wake ulikuwa umeandikwa wazi: ana shida ya kumeza, mkate na vyakula vikavu asipewe, kila chakula kikatwe kadiri ya punje ya njegere na kilainishwe kwa mchuzi, akae wima, mhudumu asimpe mgongo wakati anakula. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na mstari unaosema kwamba mhudumu amesoma, ameelezwa na ameelewa. Juu ya mstari huo palikuwa na jina langu, kwa mwandiko wangu, wa siku tano nyuma.

Lugha yetu imelifanya neno moja kuwa na maana mbili. Sahihi ni alama ya mkono wa mtu, na sahihi ni jambo lililo kweli. Ile yangu haikuwa sahihi.

Uchunguzi ulifanyika, kama inavyopaswa. Nilihojiwa mara mbili. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nataka kila mhudumu alijue. Minnesota ina sheria ya kuwalinda watu wazima walio katika hali ya kudhurika kirahisi, iliyotungwa mwaka 1980, namba yake ni 626.557. Ndani yake mna kipengele kinachowaambia wachunguzi wapime mambo gani wanapoamua lawama iwe ya nani, ya mhudumu au ya kampuni yenye leseni. Wapime kama idadi ya wahudumu ilitosha. Wapime kama usimamizi ulitosha. Wapime kama mafunzo yaliyotolewa na kampuni yalitosha, na kama mhudumu mwenyewe alishiriki ipasavyo katika mafunzo hayo.

Soma tena hayo ya mwisho. Ukitia sahihi kwamba umepewa saa 30 za mafunzo na hukupewa, umeitengenezea kampuni ushahidi kwamba yenyewe ilitimiza wajibu wake, na kwamba uliyeshindwa ni wewe. Umejifunga kamba mwenyewe. Mimi niliokolewa na ukweli mmoja tu: tarehe. Saa 30 zote zilikuwa zimeandikwa za siku moja, na siku moja ina saa 24. Mchunguzi aliuona ule mstari, akaniangalia, akaniuliza taratibu, "Hii ilichukua muda gani hasa?" Nikamwambia dakika 40. Lawama iliangukia kampuni. Ingeniangukia mimi, huenda jina langu lingezuiwa kufanya kazi ya aina hii tena, maana hapa kila mhudumu hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na rekodi yake huchunguzwa kabla hajaachwa peke yake na mkazi.

Basi sheria yenyewe inadai nini? Nitaeleza kwa maneno yangu, na atakayetaka kuhakikisha afungue kifungu cha 245D.09.

Nyumba kama zetu zinahesabiwa kuwa za huduma nzito. Mhudumu mpya wa huduma nzito anadaiwa mafunzo ya saa 30 ya kuanzia kazi, ndani ya siku 60 tangu aajiriwe. Kwa huduma za kawaida ni saa 10. Na saa hizo hazisemi ukae na faili tu: sheria inataka kujifunza kazini ukiwa chini ya macho ya mtu, kuchanganywe na kusoma na kuelezwa. Somo la unyanyasaji na namna ya kuuripoti halingoji siku 60, lazima ulipate ndani ya saa 72 tangu uanze kumhudumia mtu ana kwa ana, kisha kila mwaka. Na lile lililonipata mimi lina kipengele chake peke yake: kabla hujaachwa na mkazi bila msimamizi, lazima uwe umeupitia mpango wake yeye, mtu huyo hasa, na uwe umeonyesha kwa vitendo kwamba unaweza kuutekeleza. Kuonyesha kwa vitendo. Waliotunga hawakuacha nafasi ya kusema "nimesoma".

Kipengele hicho nakipenda kwa sababu kinashuka mpaka kwenye mwili wa mtu. Kinataja kuoga. Kinataja nywele. Kinataja meno, ufizi na meno ya bandia. Mara ya kwanza nilipokisoma nilishangaa kwamba wabunge walikaa kwenye jengo lile la marumaru kule St. Paul wakajadili ufizi wa mtu asiyeweza kujisugua mwenyewe. Watu husema sheria ni kavu. Hii si kavu.

Dawa nazo: anayegawa dawa bila kuwa muuguzi lazima apitie mafunzo yaliyoandaliwa na muuguzi aliyesajiliwa au mtaalamu wa afya mwenye leseni, na aangaliwe akifanya kwa mikono yake mpaka aonekane ameweza.

Halafu kila mwaka: mwenye uzoefu chini ya miaka mitano katika huduma nzito anadaiwa saa 24, na aliyefika miaka mitano au zaidi anadaiwa 12. Mimi sasa nadaiwa 12. Nafanya 24. Sijaona kwamba miaka imenipunguzia kusahau.

Kuna somo jingine linalowachosha wageni, na mimi lilinichosha mpaka nilipojua lilikotoka. Ni zile saa nane za kujifunza namna ya kumsaidia mtu aliyepandwa na hasira bila kumshika kwa nguvu. Zimewekwa na kanuni ya Sura ya 9544, iliyoanza Agosti 31, 2015. Wageni huuliza, "Saa nane nzima za kuambiwa nisimshike mtu?" Basi mimi huwapa kisa cha Cambridge.

Cambridge ni mji mdogo kaskazini mwa Minneapolis. Palikuwa na kituo cha jimbo, cha serikali yenyewe, cha watu wenye ulemavu wa akili, kikijulikana kwa herufi METO. Mwaka 2008 ofisi ya jimbo inayopokea malalamiko ya watu wenye ulemavu ilitoa ripoti. Wakazi walikuwa wakifungwa pingu za chuma, zile zile za polisi, na miguu yao kufungwa kamba, mara nyingi kwa mambo yasiyokuwa hatari kwa mtu yeyote. Familia zikaenda mahakamani mwaka 2009. Mwaka 2011 jimbo likakubali suluhu, likalipa dola milioni 3, kituo kikafungwa, na moja ya ahadi zilizowekwa ni kuzifanya upya kanuni za namna ya kuwahudumia watu hawa jimbo zima. Kanuni ya 9544 ilizaliwa hapo. Sasa nikimwambia mgeni kwamba hizi saa nane zililipiwa na watu waliolazwa chini wakiwa na pingu, haniulizi tena kwa nini ni nyingi.

Nisiwafiche, wahudumu wa Cambridge hawakuwa majini. Walikuwa watu kama sisi, waliofundishwa na waliowatangulia kwamba hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Walifundishwa, tena vizuri, jambo baya. Hili hunikosesha usingizi kuliko pingu zenyewe.

Kuna somo ambalo kwetu sisi Waswahili ni gumu kuliko yote, nalo ni la kuripoti. Sheria inataka mhudumu akiona au akishuku mkazi ameumizwa, ameibiwa au ametelekezwa, atoe habari haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24 tangu alipojua. Tangu Julai 2015 kuna kituo kimoja cha jimbo zima kinachopokea simu hizo usiku na mchana. Unaweza pia kutoa taarifa ndani ya kampuni, nao wanapaswa kukujulisha kwa maandishi kama wameipeleka mbele, na hawaruhusiwi kukuadhibu kwa kupiga simu. Kunyamaza kwa makusudi ni kosa la jinai.

Sasa mwambie hayo mtu aliyekulia mtaani kwetu. Neno linalomjia kwanza kichwani ni kuchongea. Amepata kazi kupitia kwa shemeji yake, shemeji ndiye wa zamu ya usiku, na shemeji anamfungia mkazi chumbani ili alale. Amchongee shemeji? Nimeliona hili kwa macho yangu, na nimeona mtu akikaa na siri hiyo wiki tatu, akikonda. Ndiyo maana somo hili nalifundisha kwa Kiswahili kwanza, kabla ya kufungua karatasi ya Kiingereza. Naanza na swali: kule kwenu, mtoto wa jirani akipigwa mpaka damu, nani alikuwa anaingia? Kila mtu ana jibu. Bibi fulani aliingia. Mwalimu fulani aliingia. Basi, namwambia, hapa bibi huyo ni wewe, na mlango wa kuingilia ni simu. Yule binti wa Uvira alinyamaza muda mrefu kwenye swali hilo. Sikumharakisha, maana kuna majibu ambayo mtu aliyeishi kambini hayatoi siku ya kwanza.

Maneno nayo yana kazi yake. Karatasi zina neno la Kiingereza, "neglect", ambalo wengi hulitafsiri "kupuuza". Halitoshi. Mtu anaweza kupuuza salamu. Mimi natumia "kutelekeza", kwa sababu kila mtu anajua uzito wa mama aliyetelekezwa na watoto. Kwa somo la kukabwa na chakula nalo nina maneno mawili ambayo Kiingereza hakina uzuri wake. Aliyepaliwa anakohoa, machozi yanamtoka, ana sauti. Huyo muache akohoe, simama karibu naye. Aliyesakamwa hana sauti. Huyo usimpe maji, nenda nyuma yake sasa hivi. Kupaliwa na kusakamwa. Ningepewa maneno hayo mawili Februari ile, nisingeshika kikombe.

Kwa hiyo Jumanne, baada ya kuiondoa kalamu, tuliacha ofisi tukabaki jikoni. Nilichemsha uji mwepesi, nikautia kwenye bilauri ya kwanza. Bilauri ya pili nikatia maji na ule unga wa kuyafanya yawe mazito, kijiko kwa kijiko, mpaka yakawa yanadondoka kama asali. Nikampa anywe. Kila mgeni hukunja uso, naye alikunja: maji yasiyo na ladha yanayokataa kuwa maji. Nikamwambia, "Bwana wa chumba cha mwisho hunywa haya tu, kila siku, akiwa na kiu ya joto na akiwa na homa. Ndiyo maana wakati mwingine anaisukuma bilauri. Si mkorofi."

Halafu tukabadilishana viti. Nikamwambia akae, mikono ameikalia, nami nimlishe. Nilimlisha kijiko cha kwanza haraka, makusudi, huku nikitazama simu. Kijiko kikamgonga meno. Cha pili nikampa kabla hajameza cha kwanza. Akanitazama kwa macho makali mno kwa mtu wa umri wake kumtazama mkubwa. Nikaweka simu chini, nikakaa usawa wa macho yake, nikangoja koo lipande na kushuka, ndipo nikaleta cha tatu. "Umeona tofauti?" Akasema, "Kile cha kwanza nilijisikia kama mbuzi."

Kisha yeye akanilisha mimi. Alikuwa mzuri. Alikuwa na mkono wa mtu aliyewahi kulisha mgonjwa, na nilipomuuliza akasema bibi yake, kule kambini, miaka miwili. Hilo halimo katika faili lake lolote. Nikaliandika.

Dawa tulifanyia mazoezi kwa maharagwe. Nilichukua kadi kuukuu ya dawa, ile yenye vifuko vya siku 30, nikatia haragwe jekundu asubuhi na jeupe jioni, nikamchapia karatasi ya kumbukumbu yenye jina la mtu asiyekuwepo. Asome jina, asome dawa, kipimo, saa, njia ya kutolewa, kisha alinganishe kadi na karatasi mara tatu: akiitoa kabatini, akiitia kwenye kikombe, na kabla hajampa mtu. Katika kadi mojawapo nilikuwa nimebadilisha kipimo makusudi. Mara ya kwanza hakuona. Mara ya pili hakuona. Mara ya tatu alisimama, akarudisha kidole nyuma kwenye karatasi, akasema, "Dada, hizi hazifanani." Nikamuuliza, basi unafanya nini? Akasema simpi, nampigia muuguzi. Nilimkumbatia. Muuguzi wetu atamwangalia mwenyewe wiki ijayo, na hapo ndipo ataruhusiwa kushika dawa halisi.

Mtaniuliza kuhusu yale masomo ya kompyuta. Yana faida yake, mengine yameandaliwa vizuri sana, na yanakuwezesha kurudia ulichokosa. Lakini sote tunajua yanavyofanywa: saa nane usiku, kwenye zamu, mtu anabonyeza mpaka maswali yanakubali, jibu A likikataa anajaribu B. Mtu wa aina hiyo anapata cheti. Siyahesabu kuwa mafunzo mpaka mtu aje jikoni anionyeshe. Na wale wanaowafanyia ndugu zao masomo hayo kwa sababu Kiingereza chao hakijakaa sawa: najua mnafanya kwa mapenzi. Mnamnyima ndugu yenu kitu ambacho siku moja atakihitaji kwa sekunde 30.

La mwisho ni la pesa, kwa kuwa naulizwa kila mara. Mafunzo ambayo mwajiri amekulazimisha kuyafanya kwa ajili ya kazi yake ni saa za kazi kwa sheria ya mshahara ya Marekani nzima, nawe unastahili kulipwa, hata kama umeyafanyia nyumbani kwenye kompyuta yako. Ziandike. Na mafunzo uliyoyapata kwingine yanayohusiana na kazi yanaweza kuhesabiwa katika saa zako za mwaka, kwa hiyo tunza vyeti vyako mwenyewe, usimwachie mtu. Mimi ninavyo kwenye bahasha ya kaki tangu 2016, na ile nakala ya karatasi ya dakika 40 ni ya kwanza kabisa ndani yake. Wageni wote huwa nawaonyesha.

Jioni ile, binti alipokuwa akivaa koti, nilimrudishia kalamu. Tulifungua karatasi pamoja. Palipoandikwa mpango wa mkazi, kulisha na kumeza, aliandika tarehe, akaandika muda wa saa mbili na nusu, akatia sahihi yake, herufi kubwa kubwa. Akatazama jumla iliyochapwa chini, 30, akaniuliza kama wakaguzi hawatakasirika wakikuta tumeandika kidogo hivyo.

Nikamwambia Alhamisi aje saa tatu asubuhi, tutaanza na kuogesha.